Ananasi za Mama Yannick

Mambasa, 12/5/2024

Kwa Papa Arielle na Mama Arielle, bakwe bangu wa Bunia,

Nabasalimia sana. Siye huku tuko salama, mvua inanyesha, barabara imefunguliwa, na Osée mwenye kamio, ile lori ya kubeba mbao, amekubali kubeba kitunga yangu, kikapu ya ananasi, mpaka mulangoni kwenu. Nimemuambia wazi: ananasi moja ikifika na alama ya meno, usipite tena njia ya Mambasa.

Juu ya simu, munisamehe. Kwa bokilo, kwa bakwe, mimi sipigake simu. Utaanza "alo, alo, unanisikia?", reseau inakata katikati ya heshima, na batu wanabaki wanafikiri ulikasirika. Mama mukwe wangu alinifundisha kuandika na kutia barua kati ya matunda. Ndivyo nitafanya mpaka nizeeke, na nimesha kuzeeka.

Yannick wangu amenona tangu Arielle wenu alimukubali. Anaimba akilima. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Ndoa ni ile Jumamosi ya pili ya mwezi wa munane, hapa Mambasa, vile tulipatana siku ya mahari. Papa Arielle, weye utamushika binti mukono, utatembea naye kanisani toka mulangoni mpaka mbele.

Nisisahau kitu moja. Katika nyumba yetu, siku ya ndoa, mama wa kijana anamupa baba wa binti ananasi ya kwanza ya mustari mupya wa shamba, katika sahani, mbele ya batu wote. Sahani inaisha. Ikiisha, bamama banapiga vigelegele, banajua binti ametolewa na mutima mweupe. Ikibaki kitu… lakini nani alishabakishaka ananasi ya Mambasa? Yako nimesha kuichagua shambani, Papa Arielle. Nimeifunga kamba nyekundu ili mutu asiiguse.

Muniambie zile za juma lililopita zilikuwa na utamu gani. Na kitunga, munajua vizuri, hairudi tupu.

Mukwe wenu,
Adeline, Mama Yannick

*

Bunia, 19/5/2024

Kwa Mama Yannick, bokilo muheshimiwa,

Nimepokea kitunga chako kikiwa kizima, na Osée naye akiwa muzima. Nilimukagua midomo kabla ya kumupa maji ya kunywa. Hakugusa.

Unauliza utamu? Mama, mimi niliyefundisha watoto wa Bunia kuandika mpaka chaki ikawa sehemu ya mapafu yangu, leo nakosa maneno. Moja niliila asubuhi, nyingine jioni, na ya tatu niliila nikisoma barua yako, ndiyo maana utaona karatasi hii imenata kidogo pembeni. Mama Arielle alibaki na maganda, maskini. Alilalamika sana.

Siye tuko wazima kabisa. Siku hizi natembea na sandale tu, kwa sababu ya joto.

Kuhusu ile sahani, usiwe na wasiwasi. Niandalie. Nitaimaliza, na kisu nitakiramba mbele ya mchungaji.

Katika kitunga nimekutilia avoka na mapera ya kwetu. Si kitu mbele ya ananasi zako, lakini yamechumwa kwa mukono wangu.

Wako katika undugu mupya,
Hippolyte, Papa Arielle, mwalimu mustaafu

*

Bunia, 20/5/2024

Arielle mutoto wangu,

Simu yako huko Gety imelala. Kila nikipiga, ni yule mwanamuke wa kampuni ananijibu, na nimesha kumuchoka. Basi naandika. Motari Dany anakuletea barua hii na pikipiki yake, pamoja na ile sweta uliyoacha.

Kaa chini kwanza. Papa yako iko na ugonjwa ya sukari.

Aligonga kidole kubwa ya muguu kwa jiwe, akishuka pikipiki, kabla ya Pasaka. Kidonda kidogo tu. Nilisema itafunga. Haikufunga. Tulienda hopitali, banapima damu, dokta akaiangalia karatasi, akamuangalia Papa yako, akaiangalia tena. Alisema hivi: sukari ikishuka na ikitulia, kidonda itafunga, atavaa kiatu na atakwenda Mambasa kukutoa. Ikibaki juu, haende mahali, na ile kidole tutaanza kuizungumuzia na kisu. Mimi niliposikia kisu nilishika meza.

Sasa Papa yako amekataa bakwe bajue. Hata majirani hataki bajue. Anasema Mambasa banaweza kusema, "Hii ni ukoo ya ugonjwa, mutoto wetu anajitia wapi?", na ndoa ivunjike hivi hivi kwa maneno. Basi anamuandikia Mama Yannick eti anakula ananasi asubuhi na jioni! Eti anavaa sandale juu ya joto! Joto gani? Bunia hii ambapo mimi nalala na blanketi mbili!

Lakini mimi siko nacheza. Sukari katika chai, nimefunga. Mukate, nimefunga. Matunda yote nimefunga: papai, ndizi, hata avoka. Na kitunga ya Mama Yannick ikifika, kabla Papa yako hajapata miwani yake, nimesha kugawa: mbili kwa Mama Brigitte ng'ambo ya lupango, hii ua yetu, mbili kwa Vital fundi wa nguo, zinazobaki kwa Mama Falone wa kwaya. Ndani ya nyumba yangu haibaki hata harufu.

Usimuambie mutu. Zaidi sana Yannick, asijue.

Mama yako anayekupenda,
Musoki

*

Bunia, 2/6/2024

Kwa Mwalimu Arielle, binti yangu,

Najua Mama yako amesha kukuandikia, na amenilia kabla sijafa. Usijali. Baba yako yuko hai, ana hasira, na ana njaa.

Nyumba hii imekuwa seminari, binti. Asubuhi chai nyeusi, chungu, inayomuangalia mutu bila huruma. Muchana bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Jioni sombe na bugali. Juzi nilikohoa tu, Mama yako akanipekua mufuko wa koti akitafuta ndizi. Mimi! Niliyekuwa nikipekua mifuko ya watoto wa watu!

Lakini kuna jambo nitakuambia wewe tu, kwa sababu ukinifichia siri hutakuwa wa kwanza katika ukoo wetu. Mama yako anagawa ananasi kwa majirani. Vizuri sana. Kisha anakwenda sokoni kuuza vitenge vyake mpaka jua linashuka. Sasa, wewe unajua adabu ya huku kwetu. Mutu akipewa zawadi ya chakula, hali peke yake kama mwizi. Anamuita aliyetoa, wanaonja pamoja. Na aliyetoa hayuko, yuko soko. Nani amebaki nyumbani kwa jina la nyumba? Mimi.

Basi asubuhi nasikia sauti juu ya lupango: "Papa Arielle, karibu uonje!" Ni Mama Brigitte, na sahani imejaa. Nimukatalie niseme nini? Niseme nina sukari? Habari itafika Mambasa kabla ya kamio ya Osée! Naketi. Nikitoka hapo, Vital ananiita. Vital hakati ananasi, ana mashine ya kusaga, anaifanya jus, ananitilia katika glasi ya bia, ile kubwa. Hiyo siihesabu, kwa sababu jus ni maji. Jioni Mama Falone ananipitishia kipande, na anasimama kungoja nisifu.

Kwa hiyo, ndani ya nyumba yetu sijala tunda hata moja. Mama yako anaweza kuapa mbele ya mchungaji, na mimi nitaapa pembeni yake.

Fundisha watoto vizuri. Na ufunge mudomo.

Baba yako,
Hippolyte

*

Bunia, 16/6/2024

Arielle wangu,

Imepanda.

Dokta amepima tena, na sukari imepanda kuliko siku ya kwanza. Alimuuliza Papa yako, "Muzee, unakulaka nini?" Papa yako akajibu na sauti ya malaika, "Bugali na sombe." Dokta akanigeukia mimi. Mutoto wangu, ile namna aliniangalia, ungefikiri mimi ndiye namupikia asali.

Nafanya nini zaidi? Niambie weye uliyesoma. Nimefunga kila kitu yenye utamu katika hii dunia. Siku ya kwanza kabisa dokta alianza kueleza mambo mingi ya chakula, lakini mimi niliposikia tu "matunda" nilijua kazi yangu, nikasimama, nikaenda kufunga kabati. Na sasa hivi!

Anataka kumuona tena mwisho wa mwezi wa saba. Kama haikushuka, Mambasa imekwisha, utatembea kanisani na mujomba wako. Na kidole, sitaki hata kuandika.

Jana Papa yako alitoa ile viatu nyeusi ya ndoa katika kartoni. Ya kuume iliingia. Ya kushoto ilifika kwa kidonda, ikakataa. Akabaki ameketi kitandani, anakipangusa kiatu na mukono ya shati. Papa yako! Mutu ambaye hajapangusaka kiatu hata siku ya Pasaka! Nilienda jikoni nikalia, nikasema ni vitunguu. Sikuwa na vitunguu.

Mama yako,
Musoki

*

Gety, 23/6/2024

Kwa Mama Yannick, mama mukwe wangu,

Ninakusalimia nikipiga magoti. Najua binti hamuandikii mama mukwe kabla ya ndoa, zaidi sana barua ya namna hii. Lakini nimefikiri siku nyingi na sioni njia nyingine.

Baba yangu ana ugonjwa wa sukari, Mama. Alikuandikia kwamba ni muzima na anakula ananasi asubuhi na jioni. Alikudanganya kwa kuogopa. Sandale si ya joto, ni ya kidonda katika kidole, na hakifungi. Dokta amesema sukari isiposhuka, hatakuja kunitoa, na pengine watamukata kidole.

Mama yangu anagawa zawadi zako zote kwa majirani ili baba asizile. Na majirani, kwa adabu, wanamuita azile pamoja nao, kila siku, nyumba hii na nyumba ile. Vital fundi wa nguo anamusagia jus katika glasi ya bia, na baba anasema jus ni maji. Mama yangu hajui. Leo nimemuandikia mustari mumoja tu: "Muulize Mama Brigitte ananasi zako zinaliwa na nani." Baba yangu atanikasirikia. Acha anikasirikie.

Kama baada ya kusoma haya utaona kwamba binti wa mugonjwa hafai kwa Yannick, nakuomba uniambie wazi, mimi mwenyewe. Nitalia, lakini nitaelewa.

Kitu kimoja tu nakuomba, hata kama unanikataa. Usimutilie baba yangu ile sahani. Ataimaliza. Mimi namujua. Mbele ya watu, kwa ajili yangu, ataimaliza yote na atatabasamu, hata ikimukatisha muguu.

Binti yako, kama bado unanitaka,
Arielle

*

Mambasa, 1/7/2024

Kwa Papa Arielle, muongo mukubwa wa Bunia,

Kitunga hii ni nyepesi, usimulaumu Osée. Ndani iko ananasi moja, ndogo, niliitafuta shamba nzima. Zingine ni maharagi na karanga.

Binti yako ameniandikia. Usimugombeze, nakukataza. Nilisoma nikalia, nikacheka, nikalia tena, na Yannick akakuja mbio kutoka shamba akifikiri nimefiwa. Huyu ni mutoto gani anaweza kutupa ndoa yake kwa ajili ya muguu ya baba yake? Hata mungekuwa na ukoma ukoo mzima, huyu binti anaingia nyumbani kwangu.

Sasa kaa vizuri unisikie. Mimi pia iko na sukari.

Ndiyo. Tangu Yannick akiwa bado anavaa kaptula ya shule. Na nilibaficha. Siku ya mahari, kwenu, mulinipa soda ya rangi ya machungwa, glasi mpaka juu. Nilitia midomo, nikasema "aksanti, ni baridi vizuri", na mulipoanza kuomba nikaimwanga katika maua ya Mama Arielle, pale karibu na mulango. Kama zilikufa, ni mimi. Niliogopa museme, "Huyu kijana atarisi nini kwa mama yake?" Ona sasa siye wawili, batu bazima, tunafichana ugonjwa moja, na katikati tunatumiana ananasi!

Lakini usifikiri mimi mulimaji wa ananasi nimeacha kuonja. Nilipopata ugonjwa, nilitaka kung'oa shamba yote. Muganga wa kike wa hopitali ya hapa alinikalisha, akanieleza polepole, na mimi nilimuuliza maswali mpaka alifunga mulango. Tunda yenyewe si adui. Adui ni wingi, na kuikula na tumbo tupu, na kuigeuza jus. Mimi nakula chakula kwanza, maharagi ao samaki na mboga. Kisha nakata kipande ya kuenea kiganja yangu, naitafuna na karanga kidogo, polepole, na nafunga mudomo mpaka kesho. Jus siguse. Jus inakimbia moja kwa moja katika damu, na ile glasi ya bia ya Vital ni ananasi nzima, Papa Arielle, hata zaidi! Maji gani hiyo? Ndizi ikiiva sana nakula nusu. Mapera yako nilikula na ganda yake, na avoka ndiyo rafiki yangu wa kweli. Unajua kumbe ulikuwa unanitumia dawa.

Hiyo ni muguu yangu na damu yangu. Yako ni ya dokta wako. Umeze dawa yako vile alisema. Chukua Mama Arielle, muende wawili, mumuambie kweli yote, na mungojee amalize kusema.

Ile kamba nyekundu iko bado shambani. Sahani ni desturi ya mama mukwe wangu, siwezi kuifuta. Lakini weye leta muguu tu. Sahani uniachie.

Mukwe wako,
Adeline

*

Bunia, 14/7/2024

Mama Yannick, dada yangu, maana sasa sitakuita tena bokilo peke yake,

Maua ilikufa. Nilimupiga mbuzi ya Mama Falone kwa kosa yako. Nitaiomba musamaha.

Acha nikuelezee. Barua ya Arielle ilifika, mustari moja. Nikaenda kwa Mama Brigitte, nikamuuliza pole pole, "Ile ananasi yangu inakuliwaka na nani?" Akashangaa. "Si na Papa Arielle? Tunamuitaka kila siku! Tungekula zawadi yako siye peke yetu?" Nikaenda kwa Vital: jus, eti Papa Arielle anasema jus ni maji. Nikaenda kwa Mama Falone: sahani ya jioni. Mama Yannick, nilisimama katikati ya njia na kapu yangu ya soko, sikujua nilie ao nicheke. Mimi naitoa kwa mulango ya mbele, na yeye anazunguka nyuma anaingoja nyumba tatu!

Nilirudi. Alikuwa ameketi na gazeti ya zamani. Nikamuambia, "Hippolyte, jus ni maji?" Gazeti ilianguka. Nilimugombeza mpaka sauti yangu ilikwisha, na iliporudi nikaendelea.

Tulienda kwa dokta siye wawili. Papa Arielle alisema yote, hata ile ya kuramba kisu. Na dokta akaniambia, kwa heshima, kwamba yeye hakukataza matunda hata siku moja. Alitaka kueleza kipimo, na mimi nilisimama nikakimbia kufunga kabati. Nilisikia haya, dada yangu. Miezi yote ile namunyima muzee wangu hata avoka, na avoka ndiyo haikuwa na neno! Dokta alieleza karibu vile uliandika, akapanga dawa upya, akatupa mashine kidogo ya kupimia nyumbani.

Kisha tulibaita majirani, tukabaambia. Papa Arielle aliogopa sana macho ya batu. Unajua Vital alisema nini? "Papa, mama yangu pia ni hivyo, nilikuwa nahofu kubaambia." Ni nani basi katika hii avenue, mutaa yetu yote, hana siri ya sukari? Sasa banamuita bado, adabu ni adabu, lakini nyuma ya chakula ya muchana, akisha kushiba, na Mama Brigitte anakata kipande moja, anapima na kiganja ya Papa Arielle mwenyewe. Mwanzoni alifungua vidole sana ili kiganja ikue. Brigitte alimupiga mukono. Vital anamupa maji katika ile glasi ya bia na anamuangalia mpaka amalize.

Anasema amekuwa mutoto wa avenue nzima. Lakini sukari inashuka, na kidonda inaanza kukauka pembeni.

Nakutumia avoka, kitunga mpaka juu. Na mbegu ya maua, uipande kwako, ili siku moja na mimi nimwange kitu.

Musoki

*

Bunia, 29/7/2024

Kwa Arielle, binti yangu,

Uliifungua siri yangu. Nilikukasirikia kwa siku nzima, na nilikuwa nimejipanga kuendelea juma lote, lakini Mama yako alinipa barua yako kwa Mama Yannick. Aliituma kwetu, huyu bokilo, ili nisome kwa macho yangu. Nilifika pale unaposema "kwa ajili yangu, ataimaliza yote na atatabasamu". Sikuweza kusoma zaidi. Mama yako alimalizia.

Nilikuwa nafikiri nakulinda, binti. Kumbe nilikuwa nakutayarishia harusi bila baba. Unisamehe, na aksanti.

Leo asubuhi tulikuwa kwa dokta. Alipima, akaangalia zile namba zetu za nyumbani, akakiangalia kidole mbele na nyuma. Kimefunga. Akasema sukari imetulia, nisilegeze kitu, viatu visibane, niangalie miguu yangu kila siku. Kisha akasema, "Muzee, nenda ukamutoe mutoto."

Vital alikuwa amepanua kiatu cha kushoto kwa kigongo na maji ya moto. Nilikaa kitandani. Mama yako, Vital, Brigitte na Falone walisimama mulangoni. Kiligoma kidogo pale mahali pa kidonda. Nilikisemesha kwa Kifaransa.

Kimeingia, Arielle. Nimetembea nacho mpaka lango na kurudi, na watu wakapiga makofi, mimi muzee muzima, kwa kuvaa kiatu.

Baba yako

*

Mambasa, 11/8/2024

Kwa Mama Brigitte, Papa Vital na Mama Falone, majirani wetu,

Siye wazima. Mumeomba habari ya ndoa kwa barua, kwa sababu Mama Arielle akieleza kwa simu analia na hamusikii kitu. Nami naandika leo Jumapili, miguu ikiwa juu ya kiti, na viatu chini vinapumzika. Nilimutembeza binti toka mulangoni mpaka mbele. Alikuwa ananibana mukono akiniuliza kimya kimya, "Papa, kidole?" Nikamujibu, "Angalia mbele, Mwalimu."

Sasa ile sahani. Tulikula kwanza: samaki, maharagi, mboga, mimi na bugali kidogo. Kisha ngoma zikanyamaza. Mama Yannick akatoka jikoni na sahani kichwani, ananasi ile ya kamba nyekundu, kubwa kuliko kichwa changu. Akaiweka mbele yangu. Wazee wa ukoo wao wamevuta viti karibu waone kama nitabakisha. Mama Arielle alinishika goti chini ya meza. Nawaambia kweli, niliogopa. Mama Yannick hakuwa ameniambia atafanya nini.

Akafungua kamba. Akachukua kisu. Akasema kwa sauti ile yake, mpaka wapita njia walisimama: "Huyu mukwe wangu iko na ugonjwa ya sukari. Na mimi iko nayo. Nilimuficha yeye, na yeye alinificha, na kidogo tu tumuzike mutu kwa heshima. Desturi ya mama mukwe wangu inasema sahani iishe. Haikusema mutu moja aimalize. Basi kila anayependa hawa batoto akuje achukue kipande yake kwanza. Na atakayebakisha, ni yeye anawakataa!"

Majirani, mungeona! Walipanga mustari: wazee, mchungaji, bamama wa kanisa, Osée na kofia yake, na hata wale wa ng'ambo ya barabara ambao hawakualikwa. Alikata nyembamba sana, ili wote wapate. Yannick alitafuna akilia. Arielle poda yake yote ilishuka. Mwishowe sahani ilirudi kwangu ikiwa na vipande viwili tu, vya kuenea kiganja. Mama Yannick akaketi karibu yangu, akachukua kimoja, nami nikachukua kimoja. Tukatafuna polepole. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile, na mimi nimekula ananasi nyingi, ninyi ni mashahidi.

Sahani ikaisha. Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia.

Jioni tulipima sukari, mimi na Mama Yannick, kidole kwa kidole, Mama Arielle ameshika tochi. Yake ilitulia. Yangu pia. Anadai yake ni nzuri zaidi, na ametaka niandike hivyo. Nimeandika.

Osée anatangulia kesho na kitunga. Ananasi zilizomo ni zenu, zawadi yetu mimi na Mama Arielle. Siye tunafika Jumatano. Kama bado iko moja, mutuite tuonje.

Nyuma ya bugali.

Jirani yenu,
Hippolyte